Kuba ya Alhambra: aliyeing'oa alikosea?

Mleta mada:
Wakuu, mwaka 1859 Rafael Contreras, aliyekuwa akiikarabati Alhambra, kasri la kale la Waislamu kule Granada, Hispania, alilivika banda la mashariki la Ua wa Simba kuba ya vigae vya rangi. Kabla yake haikuwahi kuwepo kuba hapo. Aliona tu kwamba kasri la Waislamu bila kuba halijakamilika! Mwaka 1934 msanifu Leopoldo Torres Balbás akaing'oa, akaweka paa la kawaida la miteremko minne. Kelele zikawa nyingi. Mimi nasema alikosea. Uongo ukishakaa juu ya paa miaka 75, nao ni historia.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, unachanganya madesa. Stesheni ya reli ya Toledo, ya Narciso Clavería, 1919, ina mnara wa saa na madirisha ya matao kama ya zamani za Wamori, yaani Waislamu waliotawala Hispania, lakini ilijengwa hivyo tangu msingi. Haimdanganyi mtu. Ilindwe, hata mimi nasaini. Contreras alipandisha ndoto yake juu ya kazi ya karne ya 14. Hapo ni kubandika kiraka kwenye kanzu ya mwenzio na kusema ilishonwa hivyo.

Mchangiaji wa tatu:
Mnajadili paa, mimi naangalia waliotolewa ndani. Wamorisko, wazao wa Waislamu waliobatizwa kwa lazima, walifukuzwa Hispania kati ya 1609 na 1614. Mwaka 1873 nchi hiyohiyo inajenga banda lake la maonyesho kule Vienna kwa mtindo huo wa Wamori, na 1874 Madrid inapata uwanja wa mapigano ya fahali wenye matao ya kiatu cha farasi. Las Ventas, uwanja mwingine wa fahali wa Madrid, wa 1931, nao ni vilevile. Umemtimua mwenye nyumba, sikukuu unavaa joho lake.

Mchangiaji wa pili:
Joho la nani? Minara ya makanisa ya Teruel, mji wa Hispania, ni ya matofali na vigae vya mtindo huohuo, na waumini wake walikuwa Wakristo. Mtindo ulishakuwa wa Hispania yote. José Amador de los Ríos aliupa jina, mudéjar, mwaka uleule wa 1859.

Mleta mada:
Na Unguja je? J. H. Sinclair, Mwingereza, aliijenga Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925, kwa kuba na matao. Nani hapa anataka ibomolewe?

Mchangiaji wa pili:
Hakuna. Ila hakuiweka juu ya jumba la mtu mwingine.

Mleta mada:
Hapo umenibana. Ule uwanja wa 1874 nao ulibomolewa 1934, na huo haukuwa umemkalia mtu kichwani. Ndio unaoniuma zaidi sasa. Nimerudia picha za zamani za Ua wa Simba. Kila mara jicho linakimbilia kuba, wale simba 12 wa marumaru nawaona baadaye.