Naomba ushauri: programu ya dawa ihesabu vidonge au pakiti?

Wadau, naomba ushauri kuhusu programu ya simu ya kutunza hesabu ya dawa kwa zahanati inayotibu bure. Kinachosumbua zaidi ni ALu, dawa mseto ya malaria. Pakiti ziko nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6, 12, 18 na 24. Ya 24 ikiisha, mtoa dawa humpa mtu mzima mbili za 12, na dozi ni ileile. Lakini programu inayohesabu pakiti humlazimisha aandike kisicho kweli, na leja haiwiani tena na rafu. Naelekea kuhesabu vidonge, skrini ionyeshe pakiti. Je, pakiti hizo mbili zikiwa za bechi (mkupuo wa kiwandani) tofauti, tarehe za kuisha muda zirekodiwe vipi bila kumchelewesha mtoa dawa? Foleni ni ndefu. Mibofyo mitatu inatosha. Na simu mbili zikitoa dawa bila mtandao, salio lioanishwe vipi?