Vitamini A, C na E kushuka kwa mgonjwa mahututi: je, ni upungufu wa kweli?

Muuguzi wa wodi ya mahututi:
Salaam wataalamu. Wagonjwa wetu wenye sepsisi (maambukizi makali yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kufanya kazi) mara nyingi hupatikana na viwango vya chini vya vitamini A, C na E huku CRP, protini ya damu inayoonyesha inflamesheni (mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi au jeraha), ikiwa juu sana. Je, mwili umeishiwa kweli, au inflamesheni ndiyo inayovishusha viwango hivyo? Na je, ipo sababu ya kuwapa dozi kubwa?

Mtaalamu wa lishe:
Ndugu muuguzi, kwa vitamini A na E, kipimo cha damu peke yake hupotosha. Retinoli, yaani vitamini A iliyo kwenye damu, husafirishwa na protini maalumu inayotengenezwa na ini, na inflamesheni inapoanza, ini huongeza utengenezaji wa CRP na kupunguza ule wa protini hiyo, ambayo pia huvuja kupitia kuta za mishipa midogo. Hivyo kiwango hushuka ingawa akiba ya ini huenda ipo. Vitamini E nayo husafiri pamoja na mafuta ya damu, na kolesteroli ikishuka, nayo hushuka, ndiyo maana ni afadhali kuangalia uwiano wake na mafuta hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba vitamini A hufasirika vizuri CRP ikiwa chini ya miligramu 10 kwa lita, na vitamini C hufasirika vizuri CRP ikiwa chini ya 5, viwango ambavyo mgonjwa wa sepsisi hayuko karibu navyo.

Daktari wa wagonjwa mahututi:
Naafiki, ila vitamini C tuitazame kivyake. Mwili wa binadamu hauitengenezi, akiba yake ni ndogo, na seli nyeupe huitumia kwa kasi zinapopambana na maambukizi, kwa hiyo kushuka kwake kunaweza kuwa upungufu halisi, hasa kiwango chake kwenye damu kikiwa chini ya maikromoli 11 kwa lita.

Hata hivyo, kurekebisha upungufu si sawa na kutoa dozi kubwa, na hapa nasisitiza kwa sababu maisha ya watu yamo. Katika jaribio la LOVIT la mwaka 2022, wagonjwa 872 wa sepsisi walipewa ama miligramu 50 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa sita, ama dawa bandia. Waliofariki au kuendelea kuwa na viungo vilivyoshindwa kufanya kazi kufikia siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa vitamini na 38.5 kwa dawa bandia. Jaribio la REDOXS la 2013, lililochanganya seleni, zinki na vitamini kadhaa, halikuonyesha manufaa yoyote. Isitoshe, dozi kubwa ya vitamini C huweza kufanya baadhi ya glukomita (vifaa vya kupima sukari ya damu) zisome sukari kuwa juu kuliko ilivyo, na mgonjwa akapewa insulini asiyoihitaji.

Muuguzi wa wodi ya mahututi:
Nashukuru sana, daktari. Basi ni nani anayestahili kuongezewa?

Daktari wa wagonjwa mahututi:
Mwenye historia ya lishe duni, mwenye dalili kama fizi kuvuja damu, na anayesafishwa damu mfululizo kwa mashine, kwa kuwa vitamini C hupotea humo. Hao wapewe kiasi cha kufidia, kisha vipimo virudiwe CRP ikishuka.