Ushauri: plasta haijapigwa bado, nataka sinema sebuleni na redio kila chumba

Baba Pendo (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wadau. Naomba mnisaidie mapema, maana nimebakiwa na wiki tatu tu kabla kuta hazijafungwa.

Najenga Utawala, ploti ya futi 40 kwa 80, nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala. Mawe yamekwisha, mabati yako juu, na fundi wa plasta ameshapewa tarehe. Sebule ni mita 6 kwa 4.5. Nataka iwe na sinema ya kweli: TV ya inchi 65, spika za mbele na za nyuma, na subwufa, ile spika ya besi. Zaidi ya hapo nataka muziki na redio vifike jikoni, veranda, chumbani kwetu na chumbani kwa mama.

Hilo la mama ndilo lililonifanya niandike. Anahamia kwetu kutoka Voi, na presha ya macho imemchukulia karibu uoni wote. Huamka saa kumi na moja alfajiri, anashika redio yake ndogo ya betri na kutembea nayo: chumbani, bafuni, jikoni. Akichambua mboga huiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Alipotutembelea mara ya mwisho ilimponyoka ikatumbukia kwenye beseni la vyombo. Hakulalamika, ila alishinda kimya mchana kutwa, na kwa mama yangu kimya cha namna hiyo si kawaida. Nataka nyumba hii imsomee taarifa ya habari popote alipo, bila kubeba chochote.

Nina woga kwa sababu niliwahi kuharibu. Tulipokuwa tukikodi Umoja niliunganisha spika nne kwenye amplifaya moja, mbili kila upande. Zote zimeandikwa 4 kwa nyuma. Dakika arobaini hivi, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na ndio ukawa mwisho wake. Muuzaji alisema nimenunua kitu dhaifu na akataka kuniuzia kingine kikubwa zaidi.

Je, ninunue mtambo mmoja ufanye yote? Nivute waya au nitumie Wi-Fi? Na kabla ya plasta nifanye nini hasa? Kwa kuanzia nina shilingi 250,000.

Fundi Nyaya, Kasarani

Umefanya vizuri kuuliza sasa, Baba Pendo. Wengi hutuita rangi ikishakauka, tukaanza kukata mawe kwa grainda, vumbi likaingia hadi kwenye masufuria.

Tuanze na ile amplifaya, maana haikuwa dhaifu. Hiyo 4 uliyoiona ni omu, kipimo cha upinzani wa umeme. Ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba upande mmoja, amplifaya inakutana na omu 2, na nyingi za nyumbani zimetengenezwa kubeba omu 4 hadi 8. Omu zikishuka, mkondo unapanda, joto linapanda, na kilichobaki ulikinusa. Ungenunua kubwa zaidi na kuiunganisha vilevile, nayo ingeungua.

Kwa hiyo tenganisha sinema na redio ya nyumba. Risiva ya sinema, yaani amplifaya inayopokea sauti ya TV na kuendesha spika za filamu, ina kazi yake: spika tatu mbele, mbili ubavuni kidogo nyuma ya kochi, na subwufa. Ndiyo hiyo 5.1 unayoisikia. Zipo risiva zinazoweza kupeleka muziki chumba cha pili, lakini nyingi za bei ya kati hazipeleki huko sauti inayoingia kwa HDMI, ile kebo ya picha na sauti, na kuziwasha kunahitaji rimoti na menyu kwenye TV. Mama haioni hiyo menyu. Usimfunge kwenye kitu kitakachomlazimu amsubiri Pendo arudi kutoka shule.

Sasa kuta. Chagua kabati moja ya mitambo, mahali penye hewa. Kutoka hapo peleka paipu ya milimita 25 hadi kila chumba, kila chumba na paipu yake. Usiunge chumba kwa chumba kama shanga, siku moja ikiziba unapoteza vyote vilivyo mbele yake. Kona zote ziwe za mviringo, na ndani ya kila paipu acha kamba ya nailoni hata kama huna waya leo. Kati ya TV na kabati weka ya milimita 32, kwa sababu kichwa cha HDMI hakipiti kwenye paipu ya 20, na miaka mitano ijayo kebo utaibadilisha tu. Kila chumba kipate pia waya wa intaneti wa Cat6. Ni wa bei nafuu na unafika mita 100.

Waya wa spika usipite kamwe kwenye paipu ya stima. Waache umbali wa sentimita 30, na wakilazimika kukutana, wakatane kwa pembe mraba. Sehemu yote ya stima mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Unene: chumba kikiwa mita 20 kutoka kabati, umeme unasafiri mita 40, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 utakula karibu nusu omu, wa 2.5 utakula 0.3 hivi. Kwa spika ya omu 8, huo wa 2.5 ndio wa safari ndefu. Za sebuleni, mita tano sita, 1.5 inatosha kabisa.

Pesa za mwezi huu zitie kwenye paipu na waya. Spika utanunua hata mwakani, ukuta hautakusubiri.

Kijana wa Ruai

Mimi nilienda kwa Wi-Fi, hakuna waya hata mmoja, na sijuti. Spika mbili, sebule na chumbani, nacheza kutoka kwa simu. Kwa nini umtese mtu na paipu?

Fundi Nyaya, Kasarani

Kwa vyumba viwili vilivyopakana nakubaliana na wewe. Yeye ana vyumba vitano na mawe ya inchi 9 kwa 9. Mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz yakipita kuta mbili za aina hiyo yanafika yamechoka, ya 2.4 yanapenya zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na kila jirani. Bluetooth ndiyo usiseme, mita kumi na mlango ukifungwa inakatika. Kingine, spika za makampuni tofauti haziendi pamoja. Ukisimama kwenye korido unasikia msomaji wa habari sebuleni, na mwenzake wa jikoni akimfuatia neno moja nyuma. Mtu anayetegemea masikio kujua alipo nyumbani, hilo linamchanganya vibaya sana.

Sauti ya Tatu

Baba Pendo, mimi hushughulikia vyombo kanisani kwetu Kayole, na nadhani jibu la mama liko huko. Umewahi kuona zile spika ndogo za darini kwenye korido za kanisa, shule na hospitali? Zinatumia laini ya volti 100. Amplifaya moja, jozi moja ya waya inayoweza kuhudumia spika nyingi, na kila spika ina transfoma yake ndogo unayoichagulia wati: 5, au 10. Hapo huhesabu omu tena, unajumlisha wati. Spika sita za wati 10 ni wati 60. Ukiweka amplifaya ya wati 120 inafanya kazi bila kutoa jasho.

Uzuri wake kwa mama ni huu. Nyingi za amplifaya hizo zina redio ya FM ndani na vitufe vya kubonyeza kwa kidole. Ukutani unaweka kitasa cha sauti cha kuzungusha, kimoja kila chumba. Kulia inapanda, kushoto inashuka, mwisho kabisa inazima. Hakuna simu, hakuna nywila, hakuna skrini. Mlezi wangu aliyenifundisha kazi hii naye alikuwa haoni vizuri, na vitasa vya ukumbini alivijua kwa mguso kuliko sisi wenye macho.

Besi yake si nzito kama ya spika za kawaida, nikwambie wazi. Kwa habari, mahubiri na nyimbo za jikoni inatosha. Ila volti 100 ni za kuheshimiwa, viungo vyote vifunikwe kama vya stima. Na usisahau antena ya FM nje ya paa. Chini ya mabati, ndani ya mawe, redio itakoroma.

Baba Pendo

Sauti ya Tatu, nimesoma hilo jibu lako mara tatu, kisha nikampigia mama nikamsomea. Ameuliza kama kitasa kitakuwa na kelele kikizungushwa, kwa sababu anapenda kusikia "tik" ya kuzima. Kitasa kiwe kimo gani kutoka sakafuni? Na sebuleni tunaweka vigae, kuna shida?

Mama Riziki, South B

Vigae, mawe, dirisha kubwa la kioo: sebule yako itapiga mwangwi kama tangi tupu. Simama katikati ukapige makofi mara moja. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, hapo hata spika za bei gani zitaongea kwa kelele tu na maneno ya filamu hayatashikika. Sisi tulidhani spika ya katikati ni mbovu, tukairudisha dukani, kumbe ni chumba. Tuliponunua mapazia mazito Eastleigh, yenye mikunjo, na zulia nene mbele ya kochi, nilianza kusikia mnong'ono wa waigizaji bila kuongeza sauti.

Tafadhali usibandike trei za mayai. Zinapunguza mlio mwembamba kidogo, besi hazigusi, na moto ukitokea zinashika haraka. Rafu ya vitabu ukuta wa nyuma inafanya kazi zaidi, tena ni mali ya watoto.

Na fikiria mabati. Mvua ya Aprili ikianza, mazungumzo ya filamu yamekwisha. Ukiweka dari ya gipsamu, tandika sufi ya mawe, yale magodoro ya nyuzi yanayomeza sauti, juu yake kabla haijafungwa.

Mzee wa Luthuli

Nimeuza vyombo vya sauti Luthuli Avenue miaka mingi, na nitasema machache.

Waya: omba muuzaji akuruhusu kukwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Upinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na kwenye viungo inalegea. Shaba ni nyekundu hadi ndani, na rola yake ni nzito mkononi.

Wati: maelfu yaliyoandikwa kwenye boksi yasikutishe wala kukufurahisha. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, tofauti ambayo sikio linaigundua lakini ni ndogo.

Risiva ya mitumba ni chaguo zuri kwa bajeti yako, lakini geuza nyuma usome kibandiko. Ya kutoka Uingereza inakubali umeme wetu wa volti 240. Ya Japani ni volti 100 na ya Marekani ni 120. Ukichomeka bila transfoma, hutaiona ikiwaka mara ya pili. Na iwe na HDMI ya kurudisha sauti ya TV, ile iliyoandikwa ARC au eARC.

Ya mwisho, kinga ya umeme yenye kusubiri. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kinga hiyo iizuie dakika chache kabla ya kuingia kwenye mitambo.

Jirani Mwema

Ploti ya 40 kwa 80 ina maana dirisha la jirani liko hatua chache kutoka kwa subwufa yako. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Usiiweke subwufa kwenye ukuta unaotazama kwa jirani. Spika ya veranda ielekeze nyumbani kwako. Mimi nilikuwa jirani wa mtu asiyejali haya, na mtoto wangu mchanga hakulala miezi miwili.

Baba Pendo

Narudi na habari, wadau. Jumamosi tulimleta mama kwenye mjengo. Nilimshika mkono tukapita chumba hadi chumba juu ya kokoto na mbao, na fundi akafuata nyuma na chaki. Chumbani tulimkalisha kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, pale kitakapokuwa kitanda, akanyoosha mkono bila kuambiwa chochote na kuweka kiganja ukutani. Fundi akazungushia chaki vidole vyake. Ni sentimita 95 kutoka sakafuni, chini sana ya swichi za taa, na hapo ndipo kitasa kitakaa. Jikoni akachagua upande wa kushoto wa sinki, kwa sababu mkono wa kulia huwa umelowa.

Paipu saba zimeshaingia ukutani, kamba za nailoni ndani. Waya wa shaba nimenunua, nimekwaruza kila rola. Plasta ni Jumatatu. Spika za sebule tutanunua Desemba, isipokuwa sijui bado subwufa itakaa wapi, na soketi yake lazima niamue leo.

Fundi Nyaya, Kasarani

Weka soketi tatu: pembe mbili za mbele na moja katikati ya ukuta wa nyuma, mbali na upande wa jirani. Urefu wa sebule wa mita 6 unavimbisha besi karibu na hezi 29 (mitetemo 29 kwa sekunde), na upana wa mita 4.5 karibu na hezi 38, kwa hiyo mahali pazuri patajulikana kwa kusikiliza tu. Desemba iweke subwufa pale kwenye kochi unapokaa, cheza wimbo wenye besi, halafu tambaa kando ya kuta. Pale utakaposikia besi imetulia, haivumi wala haipotei, ndipo uihamishie.

Na kabla ya Jumatatu, piga picha kila ukuta ukiwa na utepe wa kupimia umeuegemea, paipu zikionekana. Picha hizo zitume kwa mama Pendo pia, simu yako isije ikapotea nazo.