Msituambie tena "acheni kuwaficha watoto". Newala tumewatoa, mmewapokea wapi?

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Juzi kwenye mkutano wa hadhara kiongozi mmoja alisimama akarudia maneno tunayoyasikia kila ikikaribia Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu: wazazi wa Kusini acheni kuwaficha watoto wenye ulemavu, watoeni, atakayebainika tutamchukulia hatua. Watu wakapiga makofi. Dada yangu alikuwa amekaa pale mbele, mwanawe kampakata.

Mimi ni mjomba wa huyo mtoto. Wanaotujua Wamakonde wanaelewa maana yake, ukoo kwetu hufuata upande wa mama, na kwa kuwa baba yake alishaondoka kitambo, kila linalomhusu linaishia kwangu. Ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, hewa ikakosa kufika kichwani, basi. Hatembei na maneno hayatoki, lakini anaelewa. Ukimpa daftari la binamu yake aangalie picha, ukilichukua analia.

Kwa hiyo tulimtoa. Januari, watoto wenzake wakiandikishwa, tulimpeleka shule ya msingi ya jirani. Mwalimu alimwangalia, hakuuliza hata jina, akasema: "Huyu mpelekeni kwenye shule zao." Shule zao ziko wapi? Yenye kitengo cha elimu maalumu iliyo karibu nasi ni ya kupanda gari, haina bweni, na dada hawezi kuhama kijiji. Mwalimu mwenyewe simlaumu sana, ana darasa limejaa na hakuwahi kufundishwa namna ya kumshika mtoto kama huyu. Namlaumu aliyempa shule yenye ngazi mlangoni na choo ambacho mtoto wa kubebwa haingii, kisha akaenda kwenye kipaza sauti kututisha sisi.

Tukapewa kiti mwendo. Picha zikapigwa, tukashukuru. Ni kiti cha mtu mzima! Mtoto asiyeweza kushikilia shingo wala kiuno anatakiwa kiti kilichopimwa kwa mwili wake, kiwe na mikanda, pa kuegemeza kichwa na pa kukanyagia. Humo anateleza mpaka kidevu kinagusa kifua. Dada anajaza kanga pande zote mbili na kumfunga kitenge kifuani. Ukisukuma, magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye mchanga wetu mwekundu. Mtoto anarudi mgongoni kwa mama yake, na mgongo wenyewe umeanza kumsumbua.

Linaloniuma zaidi ni la kulisha. Nimonia ilikuwa haimwishi. Tunalazwa, anachomwa sindano, anapona, tunaruhusiwa, baada ya muda tumerudi. Hakuna aliyeuliza mtoto huyu anakula vipi. Mpaka muuguzi mmoja wa zamu ya usiku akamkuta dada akimnywesha uji amelala, akamwambia: mama, mkalishe wima, kichwa kisilale nyuma, uji uwe mzito, kijiko kidogo, ngoja ameze ndiyo uongeze. Akaeleza kwamba asiyemeza vizuri chakula kinapita njia ya hewa na kushuka mapafuni. Maelezo ya muda mfupi tu, hayana gharama. Tangu hapo kifua kimetulia. Kwa nini hayakutolewa tangu alipogundulika? Kule kwenye mazoezi tiba tuliambiwa tuwe tunamleta mara kwa mara, nauli tutajua wenyewe, lakini hakuna aliyemshika dada mikono amwonyeshe namna ya kumnyoosha misuli nyumbani.

Sasa hilo la kuficha. Wenye aibu wapo, siwatetei. Wapo pia wanaosema ni mkono wa mtu na kumaliza pesa kwa waganga. Ila njooni Oktoba, korosho zikianza kuanguka. Kijiji chote kiko shambani, na usipookota hiyo ndiyo pesa yako ya mwaka mzima imekwenda. Mtoto anabaki na nani? Wapo mama ninaowafahamu wanaofunga mlango, wanakimbia shambani na kurudi mchana kubadilisha nguo zilizolowa. Na Newala hii, wakuu, mnaijua shida ya maji. Mtoto anajikojolea mchana kutwa na ndoo ya maji ya kufulia inanunuliwa. Ukimkuta yule mama utamwandika kwenye ripoti yako kuwa ameficha mtoto.

Msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wengine, na inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Ya kijijini kwetu sijaiona. Elimu msingi bila malipo ilianza 2016, lakini kwetu huo ni msamaha wa shule iliyomkataa. Na msiniambie hakuna pesa. Msimu wa 2024 bei ya korosho mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na halmashauri zina ushuru wa mazao wa asilimia 3. Kitengo kimoja kwa kila tarafa, walimu wawili waliosomea kazi hiyo Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, choo kimoja chenye mlango mpana. Mnashindwa nini?

Diwani, mbunge au ofisa ustawi yeyote anayesoma uzi huu ajibu hapahapa: mwakani Januari mtoto huyu anaandikishwa shule gani, na anafikaje? Sitaki kuambiwa mchakato unaendelea.

Na kwa wadau wengine, kama kuna anayemfahamu mtaalamu wa mazoezi tiba kati ya Masasi, Ndanda na Mtwara mjini anayekubali kumfundisha mlezi kazi ya nyumbani, aniandikie. Pia natafuta fundi aliyewahi kupunguza kiti mwendo kikamtosha mtoto. Mbao tunazo, seremala wa hapa yuko tayari, anachokosa ni vipimo: mgongo uinamie nyuma kiasi gani na mkanda upite wapi ili usimbane tumbo. Mwenye picha ya kiti cha namna hiyo aiweke hapa chini.