Jiwe la milimita 9 limekwama, sasa naambiwa kuna na kinyama. Nani kapitia hili?

Ubavu_Kushoto: Wakuu, miezi mitatu iliyopita ubavu ulinikamata usiku, nikagaragara sakafuni, natapika. Baada ya wiki maumivu yakaisha, nikajua jiwe limetoka. Juzi kipimo cha CT kimeonyesha lipo palepale, kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofuni, na figo imevimba. Daktari anahisi pembeni yake kumeota kinyama. Je, ni saratani? Na nikinywa maji mengi zaidi halitashuka?

Mzee_wa_Stenti: Pole sana. Langu lilikuwa milimita 8, na kosa langu ni hilohilo lako: maumivu kuisha nikadhani jiwe limeisha. Mrija ukizoea kuziba unanyamaza, huku figo inaharibika kimyakimya. La milimita 4 mara nyingi hushuka lenyewe. Hili lako lililoganda miezi mitatu, maji hayalisukumi.

Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho nikitazama skrini. Kamera nyembamba inapitia njia ya mkojo (hakuna kisu), inapanda mpaka kwenye jiwe. Mbele yake niliona vinyama vyeupe, laini, kama vidole vinavyopungapunga majini. Jiwe likikaa sana linakwaruza ukuta wa mrija, na vinyama huota hapo. Daktari alikata kipande cha kupeleka maabara, akachoma vilivyobaki kwa leza, kisha akalisaga jiwe likawa vumbi kama la chaki. Majibu yalitoka: si saratani. Vingi huwa hivyo, ila usikubali kuambiwa kwa macho tu, dai majibu ya maabara.

Ubavu_Kushoto: Asante mkuu. Na yale mawimbi ya kuvunja jiwe kutokea nje? Naogopa hiyo kamera.

Mzee_wa_Stenti: Hata mimi niliyaulizia! Yapo tangu 1980, yalianzia Munich, Ujerumani, na yanasaidia wengi. Lakini jiwe lililobanwa na nyama halina nafasi ya kupasukia, na vipande vitapita wapi? Kamera yenyewe sikuisikia. Kilichonitesa ni stenti, ule mpira wanaouacha ndani ili mrija upone bila kuziba. Kila nikikojoa, mkojo unarudi juu, ubavu unachoma. Nusu saa tu nimebanwa tena. Damu kidogo ni kawaida.

Mama_Wawili: Niongeze kuhusu stenti. Uliza inatolewa lini, uandike tarehe. Mimi hakuna aliyenikumbusha, nikakaa nayo miezi saba. Ikaota mawe juu yake, nikarudi kulazwa upya.

Na ukipata homa ya kutetemeka huku mrija umeziba, usisubiri kuche. Huo ni usaha nyuma ya jiwe, unaua.

Ubavu_Kushoto: Nimepangiwa Alhamisi. Nitaomba ganzi ya mgongoni, nami nivione hivyo vidole.