Mradi wa kuwafuatilia wagonjwa wanaorudi rudi wodini: kulazwa kumeshuka karibu nusu, naweza kuandika kwamba umefanya kazi?

karani_wa_takwimu:

Wakuu habari zenu. Wenye uzoefu na tafiti za huduma za afya naombeni msaada, nimepewa ripoti ya kuandika na moyo haujatulia kabisa.

Niko kitengo cha takwimu hospitalini. Tulianzisha mradi wa kuwafuatilia wale wagonjwa wa ingia toka, wale ambao wodi nzima inawajua kwa majina. Kigezo ni mtu awe amelazwa mara 3 au zaidi ndani ya miezi 6. Akiruhusiwa, nesi anampigia simu, anamtembelea nyumbani, mfamasia anapitia dawa zake zote, na afisa ustawi anamsaidia mambo ya bima na usafiri wa kliniki. Sasa nimechukua miezi 6 kabla ya kuingia mradini na miezi 6 baada, kulazwa kumeshuka karibu nusu. Bosi furaha tupu, anataka tuandike kwamba mradi umethibitika na umeokoa hela, kisha upelekwe kila mahali. Na fomula kanipa mwenyewe: siku za kulazwa zilizopungua mara gharama ya kitanda kwa siku, hiyo ndo akiba.

Swali, hii kabla na baada inatosha kweli? Na hiyo hesabu ya akiba iko sawa? Kundi la kulinganisha sina, na mradi umeshaanza zamani siwezi kurudi nyuma.

---

mpima_matokeo:

Mkuu usisaini hiyo ripoti kwanza, soma habari ya Camden.

Camden ni mji kule New Jersey, Marekani. Daktari mmoja anaitwa Jeffrey Brenner alianzisha mradi unaofanana na wenu karibu kila kitu, wagonjwa wanaolazwa sana, manesi, watu wa ustawi, kufuatwa nyumbani. Ulisifiwa mno, magazeti yakaandika, miji mingine ikaanza kuiga. Ila wenyewe wakafanya kitu ambacho wengi wanakikwepa, wakakubali upimwe kwa kura, yaani bahati nasibu ndiyo iamue nani aingie mradini: wagonjwa 800, nusu wakapata mradi nusu wakapata huduma ya kawaida, mchumi Amy Finkelstein na wenzake wakasimamia utafiti. Matokeo yalitoka 2020. Waliokuwa kwenye mradi, 62.3% walilazwa tena ndani ya siku 180. Wasiokuwa kwenye mradi, 61.7%. Yaani hakuna tofauti.

Sasa sikiliza hapa ndipo panapokuhusu wewe. Wangeangalia kundi la mradi peke yake kabla na baada, kama ulivyofanya, wangeona kulazwa kumeshuka kwa pointi 38 za asilimia na wangesherehekea. Shida ni kwamba kundi lisilopata kitu nalo lilishuka hivyo hivyo!

Sababu ni kigezo chenu. Mtu aliyelazwa mara 3 ndani ya miezi 6 mmemkamata kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote. Baadhi ni wagonjwa wa kudumu kweli lakini wengi walikuwa na msimu mbaya tu, figo ilisumbua, dawa zilibadilishwa zikagoma, kidonda kikaoza, halafu mambo yakatulia. Hata mngekaa kimya bila kumpigia mtu simu namba ingeshuka. Kitaalamu inaitwa kurudi kwenye wastani na inawadanganya watu wazima wenye digrii kila mwaka.

Halafu angalia kitu kingine kwenye jedwali lako. Waliofariki umewafanya nini? Marehemu halazwi tena, kwa hiyo kama umemwacha kwenye hesabu anaonekana ni mafanikio ya mradi. Na aliyehamia hospitali nyingine hivyo hivyo, kwako ni sifuri, huko alikoenda ni kitanda.

---

nesi_wa_zamu:

Nawaheshimu watu wa takwimu lakini haya maneno ya "hakuna tofauti" yanatukatisha tamaa sisi tunaozunguka. Mimi naenda majumbani. Juzi kati mama mmoja wa moyo kanimwagia mifuko ya dawa juu ya kitanda, tukakaa tunachambua kidonge kimoja kimoja, tukakuta dawa ya kupunguza maji mwilini anameza mbili za aina ile ile ila maboksi yana majina tofauti, moja kaandikiwa wodini nyingine kliniki, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuziona zote pamoja. Mwenyewe anashangaa kwa nini anazimia akisimama. Hilo jedwali lenu la siku 180 linaliona hilo? Mtu kulazwa ni kipimo kimoja tu, na mwingine kulazwa ndo alihitaji, mimi mwenyewe nimewahi kumkuta mtu hali mbaya nikamrudisha hospitali siku ile ile. Kwenye ripoti mimi nimeharibu namba.

---

mpima_matokeo:

@nesi_wa_zamu hapo uko sahihi na wala sibishani na kazi yenu. Kwanza hao hao wa Camden walichambua tena baadaye wakakuta mradi uliongeza watu kuhudhuria kliniki baada ya kuruhusiwa, yaani kazi ya manesi ilionekana, ila haikutosha kuzuia kulazwa. Wagonjwa wao wengi walikuwa na mzigo mzito, ulevi, kukosa makazi, magonjwa ya akili, vitu ambavyo simu ya nesi haiviondoi kama huduma ya kumpeleka haipo.

Na kuna miradi iliyofaulu kwa kura vile vile. Mary Naylor, ambaye mwenyewe ni nesi, na timu yake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 1999, wazee waliolazwa wakafuatwa na manesi bingwa kuanzia wodini mpaka nyumbani. Hadi wiki ya 24 waliorudi kulazwa walikuwa 20%, kundi la kawaida 37%. Kwa hiyo swali la "kufuatilia wagonjwa kunafanya kazi?" ni pana mno, uliza kunafanya kazi kwa mgonjwa gani, nani anamfuata, na anaanza lini.

Karani, kwenye fomu zenu mnaandika simu ilipigwa siku ya ngapi baada ya kuruhusiwa? Kama inapigwa wiki ya tatu basi mradi ulioandikwa kwenye karatasi sio mradi uliofanyika.

---

mtu_wa_mahesabu:

Nijibu la hela kwa sababu hiyo fomula ya bosi nimeiona sehemu nyingi na huwa inaniudhi.

Gharama ya kitanda kwa siku mnayotumia imepatikanaje? Nina uhakika mmechukua matumizi yote ya hospitali, mishahara, umeme, jengo, ulinzi, mkagawa kwa siku za kulazwa. Huo ni wastani. Mgonjwa mmoja akikosekana wodini usiku mmoja, nesi wa zamu analipwa vile vile, taa zinawaka vile vile, mlinzi yuko getini. Kinachookolewa ni dawa zake, chakula chake, vipimo na vifaa vya kutupa. Hicho kidogo ndo akiba halisi ya muda mfupi, na mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ule wastani. Ili uokoe zaidi ya hapo inabidi ufunge wodi au upunguze watu, na sijaona bosi anayeandika hilo kwenye ripoti. Zaidi ya hapo kitanda kikiwa wazi kinajazwa na mwingine aliyekuwa anasubiri kwenye korido. Ni jambo zuri sana, huyo naye ni mgonjwa, lakini liite kwa jina lake: watu wengi zaidi wamehudumiwa kwa hela ile ile. Usiliite akiba maana mtu wa hazina atakuja kuidai hiyo hela kwenye bajeti ya mwaka ujao na haipo.

Pia jiulize akiba ya nani. Kama hospitali inalipwa kwa kila anayelazwa, kulazwa kukipungua bima imepona na hospitali imepoteza mapato. Na familia inayobaki na mgonjwa nyumbani, mtu ameacha kazi kumuuguza, hiyo gharama ipo ila haipo kwenye vitabu vyenu. Mishahara ya timu ya mradi na mafuta ya gari mmeitoa lakini? Naona kwenye fomula haipo.

---

sera_kwanza:

Mtu wa mahesabu kamaliza ila niongeze upande wa sera. Kuna imani kubwa kwamba mtu akifikishwa kwenye huduma mapema gharama zitashuka zenyewe. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2008 nafasi za bima ya serikali hazikutosha wakapiga kura nani apate, watafiti wakapata bahati ya kulinganisha waliopata na waliokosa. Waliopata bima walitumia huduma ZAIDI, mpaka kule dharura ziara zikapanda kwa kama 40%, wakati wanasiasa walikuwa wanaahidi zitashuka. Msongo wa mawazo ulipungua, madeni ya matibabu yalipungua sana, ila presha na sukari ndani ya hiyo miaka 2 havikuonyesha tofauti ya maana kitakwimu. Sasa hiyo bima ni mbaya? Mimi nasema hapana, kumtoa mtu kwenye madeni ni faida kamili inajitosheleza. Tatizo ni kuiuza sera kwa ahadi ya akiba, akiba isipotokea watu wanaifuta sera nzima na zile faida nyingine zinaondoka nayo.

Na msiende kabisa kwenye kuadhibu hospitali kwa wanaorudi. Marekani walianza kukata malipo 2012 kwa hospitali ambazo wagonjwa wa moyo na nimonia wanarudi ndani ya siku 30 kupita kiasi. Kurudi kulishuka, halafu watafiti wakaanza kugombana, wengine wakasema vifo vya wagonjwa wa moyo vimepanda baada ya sera, wengine wakasema hapana, na sehemu ya waliokuwa wanarudi walikuwa wanawekwa "kwenye uangalizi" tu ambapo hawahesabiki kama wamelazwa. Ukiweka hela kwenye namba, namba itashuka, mgonjwa ni habari nyingine.

---

karani_wa_takwimu:

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Nimechungulia rejista, waliofariki kweli nilikuwa nimewaacha ndani na hawako wachache. Tarehe za simu zipo ila kwa mkono kwenye daftari la nesi.

Sasa bosi hawezi kukubali mambo ya kura, atasema tunawanyima watu huduma. Na ripoti inatakiwa. Kuna njia yoyote na data niliyonayo?

---

mpima_matokeo:

Ipo. Hospitali ilikuwa na wagonjwa kabla ya mradi sio? Rudi kwenye faili za miaka miwili kabla haujaanza, tafuta wote waliotimiza kigezo kile kile, mara 3 ndani ya miezi 6, kisha angalia miezi 6 iliyofuata walilazwa mara ngapi bila kufuatwa na mtu. Kama na wao walishuka karibu nusu, umeshapata jibu la bosi. Kama walishuka robo tu, hapo mna kitu cha kuongelea, ingawa bado sio ushahidi kamili maana miaka inatofautiana. Vifo weka safu yake peke yake kwa makundi yote mawili.

Na usianze kuhesabu siku aliyoitikia simu, anza siku aliyoruhusiwa. Wanaopokea simu ni wale wenye nafuu na wenye watu wa kuwashikia simu, ukiwahesabu hao tu umeshachagua washindi.

---

nesi_wa_zamu:

Hili la kunyima huduma nilijibie mimi kwa sababu mimi ndo nashika orodha. Tunatembelea wangapi kwa wiki? Wachache. Waliotimiza kigezo ni wengi kuliko sisi. Kwa hiyo tayari tunawanyima watu, tena kwa kigezo cha nani yuko karibu na barabara na nani ndugu yake anajuana na daktari. Kura ingekuwa haki kuliko hivi ilivyo sasa.

---

sera_kwanza:

Exactly!! Na kama mnapanua kwenye vituo vingine, pigeni kura ya nani aanze. Hakuna anayenyimwa, kila kituo kinapata, zamu tu ndo inatofautiana, na ambavyo havijafikiwa vinakuwa vya kulinganisha mpaka zamu yao. Gambia walifanya hivyo miaka ya 80 na chanjo ya homa ya ini aina B, chanjo haikuweza kwenda nchi nzima kwa mkupuo wakaisambaza timu moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa bahati nasibu. Kibali cha kamati ya maadili ombeni mapema, sio mkishamaliza.

---

mtu_wa_mahesabu:

Na kura isipigwe na bosi wala na nesi anayewajua wagonjwa. Mtu wa nje, mbele ya watu, na orodha isainiwe kabla. Nimeona "kura" ambayo kituo cha shemeji wa mkurugenzi kilitoka cha kwanza.

---

karani_wa_takwimu:

😂😂 hicho nakijua. Naanza na faili za zamani kesho, nikikwama kwenye wale waliohamia hospitali nyingine nitarudi kuuliza, maana namba za wagonjwa kila hospitali ina zake.