Kupunguza uzito kwa dawa: daktari wa simu, daktari wa hapa Kigoma, au sindano za mtandaoni?

Mamapacha wa Katubuka

Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 39, watoto wanne, wawili wa mwisho mapacha, na tangu hao mapacha mwili haujarudi. Juzi mizani ya zahanati imesoma kilo 104, na urefu wangu ni sentimita 162. Presha ninayo, huu mwaka wa tatu nameza vidonge. Sukari wameniambia iko mlangoni. Magoti ndiyo yananiliza zaidi: nikishuka bajaji kupandisha kwangu nasimama mara mbili njiani, najifanya napokea simu.

Kupunguza kula na kutembea asubuhi nimefanya kweli, si kwa mdomo. Zilitoka kilo 7, zikarudi 9. Sasa nataka tiba, na mbele yangu kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kliniki moja ya Dar inayotibu kwa simu. Unaongea na daktari kwa video, unamtumia majibu ya vipimo, dawa inakuja kwa basi au ndege. Kumwona daktari elfu 40, dawa unalipa mbali. Ya pili ni kwenda kwa daktari hapa hapa Kigoma, ana kwa ana. Ya tatu kuna dada anauza "sindano ya kupungua" Instagram, nusu ya bei ya wale wa kliniki, haulizi hata unaumwa nini. Aliyepita mojawapo aniambie ukweli. Sitaki kuuziwa.

Mgebuka Mkavu

Dada yangu, njia ya nne hujaitaja. Punguza ugali wa muhogo na mawese, panda kilima cha Bangwe kila asubuhi. Bibi zetu walikuwa na sindano gani?

Fundi Saa Isevya

Mgebuka, amekwambia zilitoka 7 zikarudi 9. Ungesoma kwanza.

Dada, mimi niko Tabora, nimepita hiyo njia ya kwanza. Nilianza na kilo 118, leo nina 101, ni miezi kumi na moja. Nakueleza yote, na mabaya yake.

Siku ya kwanza daktari alinihoji karibu nusu saa. Nilidhani ataniuliza uzito tu aandike dawa. Aliuliza kama kuna mtu kwetu amewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo, kama niliwahi kuugua kongosho, kama nakoroma, pombe nakunywa kiasi gani. Akaniambia nilete vidonge vyote ninavyomeza nivionyeshe kwenye kamera, kimoja kimoja, asome maandishi. Halafu akakataa kuandika chochote mpaka nipime figo, ini, sukari na presha. Nilikasirika, nimeshalipa! Sasa naona hapo ndipo nilipaswa kumwamini. Kliniki ya simu ikikuandikia peni, yaani ile kalamu ya sindano, kwa dakika tano bila kipimo hata kimoja, hiyo ni sawa na yule dada wa Instagram, tofauti ni koti jeupe.

Dawa ni semaglutidi, unajichoma tumboni mara moja kwa wiki. Sindano yenyewe si kitu, mbu wa Isevya wanauma zaidi. Kazi ni chakula. Wiki ya kwanza baada ya kupandishwa dozi nilikwenda kwenye harusi Urambo nikapakua pilau kama zamani, nusu sahani ikawa imenishinda, usiku nikatapika mpaka asubuhi. Siku hizi nakula sahani ya chai na ninashiba. Choo ndicho kinasumbua, kinakuwa kigumu, bila maji mengi na mapapai utalia.

Lakini kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa tano tangu nianze dawa, niko mezani nafungua saa ya mteja, nikainuka kufuata bisibisi, dunia ikazunguka. Nikajishika kwenye kabati. Kumbe uzito umeshuka na presha imeshuka nao, na mimi bado nameza vidonge vilevile vya kilo 118. Nilimpigia daktari wa Dar, akapokea, akasema nenda sasa hivi wakupime ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Nikaenda zahanati ya mtaani, nesi akapima, nikamsomea namba kwa simu, kidonge kimoja akakitoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo daktari wa simu akili alikuwa nayo, mkono ndio hana. Mkono niliutafuta Isevya.

Mamapacha wa Katubuka

Asante sana kaka. Na dawa inafikaje bila kuharibika? Mimi hofu yangu ni basi.

Fundi Saa Isevya

Hofu yako iko mahali pake. Mzigo wangu wa pili ulifika Jumamosi usiku, mimi nikajua utafika Jumapili. Kijana wa mizigo aliona stika "weka baridi", naye kwa huruma zake akaupeleka kwenye friza ya duka la jirani. Jumapili nautoa katikati ya migebuka iliyotoka kwenu Kigoma, boksi linanuka samaki, peni imeganda kama barafu ya ubuyu. Nikampigia mfamasia, akasema tupa. Nilikaa nayo mkononi nikiona natupa mbuzi wawili. Kliniki wakasema mzigo ulipokelewa, wao hawahusiki. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: ikiharibika njiani, hasara ya nani? Wakujibu kwa maandishi.

Dirishani Famasi

Niko nyuma ya dirisha la famasi mwaka wa tisa, niongeze hapo.

Fundi alishauriwa vizuri. Dawa hizi kabla hazijafunguliwa zinakaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda ndiyo basi, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Wengi wanaogopa joto tu, baridi kali wanaiona rafiki. Na ndani ya friji peni usiiweke karibu na kile kichumba cha barafu, weka katikati.

Kuhusu dozi: semaglutidi inaanza miligramu 0.25 kwa wiki, wiki nne, halafu 0.5, na kuendelea polepole. Kwenye Wegovy, yaani semaglutidi ya uzito, dozi kamili ya kawaida ni 2.4 na inachukua miezi minne kufika. Ngazi hizo ni kwa ajili ya tumbo lizoee. Dawa inafanya kazi kama homoni ya utumbo inayouambia ubongo umeshiba, na inachelewesha chakula kutoka tumboni. Ukirukia dozi kubwa, utatapika mpaka figo zikose maji. Mteja anayesema "nipe ile kali nipungue haraka" simuuzii.

Matarajio pia. Katika utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2021, waliotumia dozi kamili wiki 68 pamoja na ushauri wa chakula walipungua wastani wa asilimia 15 hivi. Kwa kilo 104 hiyo ni kama 15 au 16. Siyo 40. Na walipofuatwa mwaka mmoja baada ya kuacha, thuluthi mbili ya kilo walizopoteza zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo piga hesabu ya pesa ya miaka, usipige ya mwezi mmoja. Hapa ndipo naona kliniki za simu haziwi wazi, wanataja bei ya peni ya kuanzia tu, na dozi ikipanda bei nayo inapanda.

Kuna vidonge vya olistati, bei nafuu kidogo, vinazuia mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Vinapunguza kidogo. Na kwa mpishi wa mawese niseme tu: mafuta yasiyoingia yanatoka, na hayapigi hodi. Vaa nguo nyeusi.

Shemeji wa Kasulu

Njia ya tatu niijibu mimi. Mke wangu aliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, akaficha. Kikaja kichupa kidogo cha unga na bomba la sindano, maelekezo kwa sauti ya WhatsApp: "changanya na maji, vuta mpaka mstari wa pili." Mstari wa pili wa nini? Siku ya pili nimemkuta jikoni jasho linatiririka, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Hospitali wakapima sukari, iko chini kabisa. Alipona kwa dripu. Muuzaji ametublock wote wawili.

Dirishani Famasi

Pole sana shemeji. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia, zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani, na walionya kwamba ndani inaweza kuwa kitu kingine kabisa, hata insulini. Kama zimepenya huko, Instagram yetu ni nini? Dawa idai ya famasi yenye leseni, boksi lisilofunguliwa, namba ya toleo isomeke, na uulize usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Daktari naye, jina lake liangalie kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni dakika mbili tu, bando haliishi.

Nesi Mstaafu Ujiji

Mwanangu Mamapacha, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa.

Ukilinganisha hizo mbili za kwanza, usifanye kama unachagua mume. Nenda hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu nawe, fungua faili, pima: presha, sukari ile ya miezi mitatu, figo, ini, mafuta ya damu, na mimba. Ndiyo, mimba. Majibu hayo ni mali yako, mtumie wa Dar. Na daktari wa hapa mwambie wazi unachotumia. Watu wanaona haya wanaficha, halafu wanaletwa usiku wanatapika na hakuna anayejua wamechomwa nini.

Una uzazi wa mpango? Semaglutidi inaachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Na wakikupa ile nyingine, tirzepatidi, yaani Mounjaro, vidonge vya majira vinaweza kupungua nguvu, hasa unapoanza na kila dozi inapopanda. Kondomu wiki nne, au hamia njia isiyomezwa. Kuna mapacha wengine hawajaalikwa.

Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, au macho kuwa ya manjano, au kutapika hata maji hayakai: usipige video. Panda bajaji uje hospitali. Kongosho na mawe ya nyongo havionekani kwenye kioo cha simu. Na mwenye kisukari anayetumia vidonge vya glibenklamidi au insulini asiongeze sindano hii bila daktari kugusa dozi zake, sukari itamwangusha.

Kuna pia puto la tumboni wanaweka Muhimbili Mloganzila, lakini hiyo ni safari ya Dar na mjadala mwingine.

Mgebuka Mkavu

Nimesoma yote. Naomba radhi dada, nilikurupuka. Ila ugali je, unaachwa?

Nesi Mstaafu Ujiji

Hauachwi. Unapunguzwa, samaki inaongezwa, matembele yanaongezwa. Anayepungua bila kula protini anapoteza misuli, halafu magoti yanazidi kulia. Dagaa unazo mlangoni, unataka nini tena?

Mamapacha wa Katubuka

Shikamoo mama, na samahani kwa kuchelewa kuitoa. Nimecheka hapo kwa mapacha, lakini nimeandika.

Nimefanya hivi. Jumatatu naenda kupima. Kliniki ya Dar nimewauliza swali la Fundi kuhusu hasara ya njiani, wamezunguka zunguka, mwishowe wamekubali kwa maandishi kutuma kwa ndege na kunipigia ikitua. Nimewauliza pia bei ya kila dozi hadi ya mwisho. Ya mwisho ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu, kwa hiyo nitazungumza na mzee wa nyumbani kabla sijaanza kitu nisichoweza kukiendeleza. Ikishindikana nitabaki na daktari wa hapa, nitibu presha na hiyo sukari ya mlangoni kwanza. Dada wa Instagram nimemfuta.

Fundi Saa, kutoka uwanjani hadi nyumbani ulibebea nini? Jua la mchana hapa unalijua.

Fundi Saa Isevya

Chupa ya chai ya mdomo mpana, dada. Barafu chini, juu yake kitambaa mkunjo mara tatu, ndipo peni. Barafu isiiguse. Na usiikabidhi kwa kijana wa mizigo.